Kuhama Mfumo wa Simu: Kinachotutoa na Kinachotuzuia

Tarehe 5 Mei 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye kila iPhone yenye mfumo endeshi wa zamani kuliko iOS 15.1. iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus, ambazo Apple haikuzipandisha kupita iOS 12, zikaachwa nje kwa pamoja. Zilikuwa bado zinawaka, zinapiga picha na kupokea simu. Lakini kwa mtu anayeagiza mzigo, anayefuatilia michango ya harusi na anayeongea na ndugu yake aliyeko Muscat kupitia WhatsApp, simu isiyo na programu hiyo ni nusu simu. Ilibidi atafute nyingine, na hapo ndipo alipokutana na swali: abaki na iPhone, au ahamie Android?

Kwa haraka swali hilo linaonekana ni la bei na mapenzi. Wachumi na wanasaikolojia wamelichimba kwa miaka mingi, na walichokikuta kina uzito zaidi. Kuna nguvu zinazomsukuma mtu atoke kwenye mfumo, kuna nguvu zinazomshika asitoke, na hizi za pili nyingi hazionekani mpaka siku anapojaribu kuondoka.

Wanaohama wanakimbia nini?

Karibu simu janja zote duniani leo zinaendeshwa na mifumo miwili. Android, uliozaliwa katika kampuni ndogo iliyoanzishwa California mwaka 2003 na kununuliwa na Google mwaka 2005, unaendesha takriban simu saba kati ya kumi. Zilizobaki karibu zote ni za iOS, mfumo wa Apple ulioingia sokoni na iPhone ya kwanza Juni 2007. Marekani iPhone zimevuka nusu ya soko. Afrika Android ndiyo inayotawala. Apple haitengenezi simu mpya ya bei ya chini, wakati Tecno, Infinix na itel, chapa za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zilijengwa kwa kuangalia maisha ya huku: laini mbili, betri kubwa, kamera iliyorekebishwa impige picha vizuri mtu mweusi.

Wengi hawahami. Kampuni ya utafiti ya CIRP ya Marekani ilikuta mwaka 2018 kwamba takriban wateja tisa kati ya kumi wa kila upande walibaki kwenye mfumo wao walipochukua simu mpya. Mwaka 2023 kampuni hiyo iliwachunguza waliotoka Android kwenda iPhone na kuuliza sababu. Zaidi ya nusu walisema simu ya zamani ilikuwa na matatizo: imezeeka, imeharibika, haifai tena. Waliovutwa na sifa za simu mpya walikuwa wachache kuliko hao.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa, kwa sababu matangazo yote ya simu yanatuambia kinyume chake. Mtu haamki asubuhi akaacha mfumo unaomtumikia vyema kwa sababu ameona kamera nzuri zaidi. Anahama siku ambayo tayari amelazimika kuchagua: kioo kimepasuka na fundi amesema bei ya kioo inakaribia bei ya simu, simu imeibiwa kwenye daladala, mshahara umepanda, au shemeji ametoka Dubai na iPhone iliyotumika. Wizi hasa hupunguza gharama ya kuhama kwa namna ya kikatili. Kama picha na jumbe zimeshapotea, hakuna tena cha kubeba, na mifumo yote miwili inakuwa mbali naye kwa umbali uleule.

Ukuta wenye kazi mbili

Kwa nini kubeba vitu kuwe kugumu hivyo? Jibu liko katika namna simu janja inavyojilinda.

Simu janja imejengwa kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Kila programu ina chumba chake, na haiwezi kuingia cha jirani bila ruhusa. Programu ya tochi uliyoipakua jana haiwezi kusoma jumbe zako za benki. Zaidi ya hapo, data yote iliyohifadhiwa hufungwa kwa hesabu za siri ambazo funguo zake zimefichwa ndani ya chipu ya simu yenyewe. Anayeng'oa kifaa cha kuhifadhia data na kukipachika kwenye mashine nyingine ataambulia herufi zisizosomeka.

Ulinzi huo unamzuia mwizi, na unamzuia mwenye mali pia. Hakuna programu moja inayoweza kupita vyumba vyote, kukusanya kila kitu na kukipeleka upande wa pili. Kila programu inapaswa kukubali yenyewe kuhamisha data yake. Programu zenyewe nazo hazihami. Ya Android imeandikwa kwa ajili ya mazingira ya Android, ya iPhone imeandikwa upya kwa ajili ya iOS, na uliyoilipia duka moja utailipia tena duka la pili.

WhatsApp inaonyesha jambo hili waziwazi. Jumbe zake zimefungwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kwa hiyo kampuni haiweki kwenye kompyuta zake historia ya mazungumzo yako. Historia hiyo imo ndani ya simu. Nakala yake ya akiba, Android huipeleka kwenye akaunti ya Google na iPhone huipeleka iCloud, na hifadhi hizo mbili hazisomani. Kwa miaka mingi aliyehama aliingia upande wa pili na namba ileile na makundi yaleyale, lakini mazungumzo yakiwa matupu. Sauti ya mzazi aliyefariki, risiti za wateja, maelekezo ya daktari, vyote vilibaki kwenye simu ya zamani. Njia rasmi ilianza kufunguliwa mwaka 2021 kutoka iPhone kwenda baadhi ya simu za Samsung, na mwaka 2022 kutoka Android kwenda iPhone. Ilichelewa hivyo kwa sababu ilihitaji pande zote zinazoshindana zikubali kujenga mlango mmoja.

Watu walio upande mwingine

Data ni sehemu ya mzigo. Sehemu nyingine ni watu. Mwaka 1985 wachumi Michael Katz na Carl Shapiro walieleza kwa hesabu jambo ambalo kila mwenye simu analihisi: thamani ya baadhi ya bidhaa hupanda kadiri watu wengine wanavyozitumia. Simu ya mtu mmoja duniani haina kazi.

Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, ilikufa kwa kanuni hiyo. Microsoft iliizindua mwaka 2010, na wengi walioitumia waliusifu mwendo wake laini. Nokia, iliyokuwa imetawala dunia kwa mfumo wa Symbian, ilijiunga nayo mwaka 2011. Lakini waandishi wa programu walitaka watumiaji kwanza, na watumiaji walitaka programu kwanza. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia Aprili 2014. Mwaka uliofuata ilifuta kwenye vitabu vyake hasara ya dola bilioni 7.6 iliyotokana na ununuzi huo. WhatsApp iliuacha mfumo huo mwisho wa mwaka 2019.

Marekani nguvu ya watu inakaa ndani ya mfumo endeshi wenyewe, kwenye huduma ya jumbe ya Apple iitwayo iMessage. Ujumbe kati ya iPhone mbili huonekana kwa rangi ya buluu. Wa mwenye Android huonekana kijani, na kwa miaka mingi ulifika na video zilizofifia na makundi yanayokatikakatika. Nyaraka za kesi ya kampuni ya michezo ya Epic Games dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha viongozi wa Apple wakijadiliana kwamba kuipeleka iMessage kwenye Android kungeidhuru kampuni kuliko kuisaidia, kwa kuwa kungeondoa kikwazo kwa wazazi wenye iPhone kuwanunulia watoto simu za Android. Machi 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki Apple kwa kuhodhi soko, na suala la jumbe limo kwenye mashtaka hayo. Septemba mwaka huohuo Apple iliingiza kwenye iOS 18 mfumo wa RCS, unaofanya jumbe na Android ziende vizuri zaidi.

Afrika Mashariki watu wetu hawako ndani ya mfumo endeshi. Wako WhatsApp, ambayo inafanana pande zote mbili. Fedha zetu nazo hazikuwekwa ndani ya Android wala iOS. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom Machi 2007, kabla iPhone ya kwanza haijauzwa, menyu yake iliwekwa kwenye laini. Mpaka leo Mtanzania wa Vodacom anapiga *150*00# akiwa na iPhone, Tecno au kitochi, na Mkenya mwenye mulika mwizi anatuma fedha sawa na mwenye simu ya shilingi laki moja za Kenya. Fedha inafuata namba. Kwa kipimo hicho, kijana wa Mbagala ana uhuru zaidi wa kubadili mfumo wa simu kuliko mwenzake wa Chicago anayeogopa kutengwa kwenye kundi la marafiki kwa sababu ya rangi ya ujumbe.

Tusijidanganye lakini kwamba kufuli halipo. Limehamia kwingine. Mwaka 2021 WhatsApp ilipobadili masharti yake, watu wengi duniani walipakua programu nyingine za jumbe, Signal na Telegram, kisha wakaendelea kubaki WhatsApp, kwa sababu kundi la familia lilibaki huko.

Mazoea ya mikono

Nguvu ya tatu imo ndani yetu. Mwaka 1988 William Samuelson na Richard Zeckhauser walionyesha kwa majaribio kwamba watu huelekea kuchagua kubaki walipo, hata pale ambapo kuhama kungewagharimu kidogo. Miaka miwili baadaye Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio maarufu la vikombe. Nusu ya washiriki walipewa kikombe bure, nusu hawakupewa. Waliopewa walitaka bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa kikombe walikuwa wamekishika kwa dakika chache tu. Sasa fikiria simu uliyolala nayo kando ya mto kwa miaka mitatu.

Mikono nayo ina kumbukumbu. Mtu anayerudi nyuma kwenye skrini mara mamia kwa siku hafikirii anachofanya. Akibadili mfumo, tendo la zamani linamjia kabla ya jipya, na kwa siku za mwanzo anajiona mzito wa kuelewa. Hali hiyo hupita, kwa kuwa ubongo hujenga mazoea mapya kwa kurudia. Mifumo yenyewe pia imesogeleana. iPhone ilipata vijidirisha vya taarifa kwenye skrini ya mwanzo mwaka 2020, na Android ilipokea mwendo wa kutelezesha vidole badala ya vitufe. Kila inapoigana, gharama ya kujifunza upya hupungua.

Kabla hujahama

Anayejua nguvu hizi anaweza kujipanga. Hifadhi majina kwenye akaunti ya mtandaoni badala ya laini au simu. Hamisha WhatsApp wakati simu zote mbili bado zinafanya kazi, na kama unakwenda iPhone fanya hivyo inapowashwa kwa mara ya kwanza, maana njia rasmi inadai simu mpya au iliyofutwa kabisa. Anayetoka iPhone azime iMessage kwanza. Akisahau, jumbe za marafiki wenye iPhone zinaweza kuendelea kupelekwa kwenye simu ambayo hanayo tena. Tatizo hilo liliwasumbua watu wengi kiasi kwamba mwaka 2014 Apple ilifungua ukurasa maalumu wa kuondoa namba. Anayenunua iPhone iliyotumika ahakikishe muuzaji ameondoa akaunti yake mbele ya macho yake, la sivyo kufuli lililowekwa na Apple tangu mwaka 2013 litamwachia kioo kizuri kisichofunguka.

Haki ya kuondoka

Ujanja wa mtu mmoja mmoja una mwisho wake; yanayobaki yanahitaji sheria. Kenya iliruhusu wateja kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Kabla ya hapo namba ilikuwa pingu. Hata hivyo akaunti ya M-Pesa haikuhama pamoja na namba, na Wakenya wengi wakabaki walipo. Funzo lake ni kubwa: haki ya kuhama inayoacha nyuma kile ambacho watu wanakitegemea zaidi haiwatoi watu.

Ulaya imekwenda mbele. Tangu Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijiti ya Umoja wa Ulaya inazibana Apple na Google, pamoja na kampuni nyingine kubwa, zimwezeshe mtumiaji kuchukua data yake bila malipo na zisimwekee vikwazo anapobadili programu au huduma. Nchi zetu tayari zina sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Wasimamizi wake wanaweza kuanza kuuliza kampuni swali ambalo mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi wanaulizwa kila siku: vitu vyangu vitahama vyote?

Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kulalamika. Mlango wa kuondoka ukiwa wazi, malalamiko husikilizwa. Ndiyo maana haki ya kuhama inamhusu hata yule anayeipenda simu yake na hana mpango wa kuibadili. Kampuni inayojua kwamba anaweza kuondoka kesho na picha zake, mazungumzo yake na fedha zake italazimika kumtendea vizuri leo.