MAWE YA ENGARUKA NA FUNGU LA WANAKIJIJI

Wako watu wasemao kwamba jiwe haliliwi. Watu hao yafaa waende Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko wakulima waliokaa tangu karne ya 15 hata karne ya 18 walijenga kwa mawe, bila saruji, mifereji na matuta yaliyonywesha maelfu ya eka katika nchi yenye mvua haba. Wala hawakumngoja mhandisi kutoka ng'ambo!

Kaskazini ya hapo umesimama Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Hakuna volkano nyingine duniani leo itoayo lava ya magadi kama yake: hutoka nyeusi, ina joto lipatalo nusu tu ya lava ya kawaida, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe.

Mwaka 2018 UNESCO iliitangaza nchi hiyo ya Ngorongoro, Karatu na Monduli kuwa Jiopaki ya Dunia, ya kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Jina hilo si pambo. Kanuni zake zataka wenyeji washiriki katika uendeshaji, na zakataza kuuza visukuku na mawe yenyewe. Kila miaka minne hufanywa ukaguzi. Palipozembea hupewa miaka miwili kujirekebisha, na pasiporekebishwa hunyang'anywa jina.

Basi, ndugu, ikiwa jiwe haliuzwi, kinachouzwa ni maarifa, malazi na chakula. Twauliza: fedha ya mgeni yaingia mfuko wa nani? Akiletwa na gari la mjini, akiongozwa na mtu wa mjini, naye amefungiwa chakula mjini, kijiji kitabakiwa na vumbi la magurudumu.

Hapana budi vijana wa Engaruka wafundishwe habari za mawe hayo, wapewe vyeti vya kuongoza wageni. Wakulima, ambao hata leo wanamwagilia kwa maji ya mto ule ule, waungane katika ushirika na kuziuzia kambi za wageni mazao yao. Na hesabu ya viingilio isomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi. Mfugaji aonaye fungu lake katika hesabu hiyo hatabomoa ukuta wa kale ili ajenge zizi. Asiyeliona, tutamkataza kwa hoja gani?