Sakafu ya ghorofa kisiwani Mombasa: Zege kidogo si lazima iwe nafuu

WENGI wanaotaka kujenga ghorofa kisiwani Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Feri, huanza kwa kuuliza bei ya saruji na vyuma. Lililo muhimu zaidi ni hili: sakafu itavuka mita ngapi kutoka mhimili mmoja hadi mwingine?

Wazee wa Mji wa Kale walilijua jambo hilo. Vyumba vya nyumba zao za mawe ni virefu na vyembamba, upana ukikaribia mita tatu tu, kwa kuwa sakafu zililazwa juu ya boriti za mikoko, nazo hazikuweza kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Zege yenye vyuma iliondoa mpaka huo, ila si bure. Nafasi inapopanuka, sakafu huwa nene, na uzito wake hubebwa na nguzo hadi kwenye msingi.

Kwa nyumba za kupangisha, zenye vyumba vya mita tatu na nusu au nne, sakafu ya zege tupu ya unene wa milimita 150, iliyoshikwa na mihimili pande zake, ndiyo nafuu kwa kawaida. Ni kweli kwamba mita moja ya mraba huwa na uzito wa kilo 360 hivi, lakini mafundi wanaifahamu kazi hiyo, na mbao zilezile hutumika ghorofa baada ya ghorofa. Mbao hizo, pamoja na miti ya kuegemeza zege mbichi, ndizo gharama ambayo wenye majengo husahau kuihesabu.

Nafasi ikifika mita sita au saba, kama katika ofisi, hesabu hugeuka. Zege ya sehemu ya chini ya sakafu, inayovutwa na mzigo, haiongezi nguvu bali uzito. Kwa hivyo hupangwa vitofali vyenye matundu, aina ambayo mafundi huiita Maxpan, na zege ikabaki kwenye mbavu zilizo kati yake na tabaka jembamba la juu.

Ipo pia sakafu bapa, isiyo na mihimili. Ikipunguza kimo cha kila ghorofa kwa sentimita 30, jengo la ghorofa kumi huokoa mita tatu za kuta, plasta na mabomba. Hatari yake ni nguzo kuitoboa sakafu, na vyuma vya kuzuia hilo si vya kukisiwa na fundi.

Feri, hata hivyo, kuna upepo wa chumvi. Chumvi ikipenya, chuma hushika kutu, hufura na kuipasua zege. Mbavu nyembamba ambazo vyuma vyake vimefunikwa kwa milimita 20 tu huathirika mapema. Karibu na bahari, kwa maoni yangu, ni heri zege tupu iliyoshindiliwa vyema, vyuma vikifunikwa kwa milimita 40 palipo wazi, na mchanga wa ufuoni usitumike kamwe.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako kreni haipiti, vihimili vilivyotengenezwa tayari huweza kubebwa na watu na kupangiwa matofali, bila msitu wa miti chini yake.

Mwenye jengo amwombe mhandisi hesabu ya aina mbili za sakafu kabla msanifu hajapanga nguzo. Zikishasimama, nafasi haibadiliki tena.