Si Ulanzi Peke Yake

Kwa nini mwanaume ampige mkewe? Ulizia kwenye kilabu cha ulanzi Iringa, au cha kimpumu kule Rungwe, na jibu la kwanza litakuwa pombe. La pili litakuwa mdomo wa mwanamke. Majibu hayo watu wamekua nayo, na hakuna anayedaiwa ushahidi. Ndiyo maana kazi iliyofanyika Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina uzito wake hadi leo: watafiti walikwenda majumbani, wakawauliza wanawake wenyewe.

Utafiti huo uliratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi 10, na zaidi ya wanawake 24,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakahojiwa. Kwa Tanzania yalichaguliwa maeneo mawili, Dar es Salaam na Mbeya, na wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Dk. Jessie Mbwambo, wakaifanya kazi hiyo. Ripoti ya WHO ilitoka mwaka 2005. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 ya wale wa Dar es Salaam walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Asilimia 12 ya wanawake wa Mbeya waliowahi kupata ujauzito walisema walipigwa wakiwa wajawazito.

Yokohama, Japani, kwa maswali yaleyale, ilikuwa asilimia 15.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mwanamke gani wa Kitanzania atamweleza mgeni mwenye karatasi mambo ya chumbani kwake? Hapo ndipo ufundi ulipo. Wahojaji wote walikuwa wanawake, na walifundishwa kwanza. Mtaani utafiti ulitambulishwa kuwa ni wa afya na maisha ya wanawake, basi, ili mume asipate sababu ya kumwadhibu mkewe baadaye. Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, faraghani. Mtu akiingia ghafla, mume au mama mkwe, mhojaji alihamia kwenye maswali mengine yasiyo na madhara.

Na hakuna aliyeulizwa kama “amefanyiwa ukatili”. Wengi wangesema hapana, maana kofi moja mbili kwao ni mambo ya kawaida ya ndoa. Waliulizwa tendo kwa tendo: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukupiga ngumi, au kwa kitu kingine cha kukuumiza? Kukupiga teke, kukuburuza? Kukukaba? Kukutishia kwa silaha? Mwisho wa mahojiano mwanamke alipewa kadi yenye nyuso mbili, moja ya furaha na moja ya huzuni. Aliweka alama kwenye uso wa huzuni kama aliwahi kuguswa kingono bila ridhaa kabla ya kutimiza miaka 15. Kadi iliwekwa kwenye bahasha na kufungwa, na mhojaji hakujua jibu.

Sasa turudi kilabuni. Mwaka 2011 Tanja Abramsky na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi hizo zote, wakitafuta kinachoandamana na kipigo. Pombe imo, wala haina ubishi. Lakini hainywi peke yake mezani: wamo pia utoto wa kupigwa, kukulia katika nyumba ambamo mama alikuwa akipigwa, mume kuwa na wanawake wa nje, kuishi pamoja bila ndoa rasmi, umri mdogo, na imani kwamba mume ana haki ya kumpiga mke. Elimu ya sekondari ilionekana kupunguza hatari, hasa pale mume na mke wote wawili walipoipata.

Uangalifu unahitajika hapa. Dodoso la siku moja linaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Haliwezi kusema kipi kilitangulia. Mwanamke anayekunywa na kupigwa huenda alianza kunywa baada ya kupigwa.

Hiyo imani ya haki ya kupiga ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna angalau kosa moja linalompa mume haki ya kumpiga mkewe, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali ni asilimia 40. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo hata kama mila inaruhusu. Ina zaidi ya miaka 50, na wapo wanandoa wasiojua kuwa ipo.

Iringa wasomi wengine wa Muhimbili, Tumaini Nyamhanga na Gasto Frumence, walichagua njia tofauti: mazungumzo marefu na wanawake walioolewa kuhusu kulazimishwa tendo la ndoa na hatari ya VVU, yaliyochapishwa mwaka 2014. Mkoa huo ulikuwa umepimwa mwaka 2007-08 na kukutwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7. Kwa mke anayelazimishwa na mume mwenye wanawake wengine, ushauri wa kutumia kondomu hauna pa kushika.

Pengo moja limebaki. Tunachojua kuhusu waume wa Mbeya, ulevi wao na utoto wao, tumesimuliwa na wake zao. Barani Asia na Pasifiki, utafiti wa Umoja wa Mataifa uliotoka mwaka 2013 uliwahoji wanaume wapatao 10,000 moja kwa moja, na karibu nusu ya waliowahi kuwa na wenzi walikiri kuwafanyia ukatili wa kimwili au wa kingono. Watafiti watakaorudi Mbeya na Iringa wabebe dodoso la wanaume pia.