Je, Wajua? Kitambi, Vyuma na Sahani

Je, wajua kwamba mafuta ya mwilini hutoka zaidi kwa pumzi kuliko kwa jasho? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu: katika kila kilo 10 za mafuta zinazoteketea, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi na 1.6 hugeuka maji. Anayekimbia kajifunga nailoni tumboni anapunguza maji tu, akinywa, yamerudi.

Je, wajua mazoezi ya tumbo hayaondoi kitambi? Hukaza misuli iliyo chini yake. Mafuta huchotwa mwili mzima, na pa kuanzia huchagui wewe.

Je, wajua kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120? Muulize muuza chipsi mayai amemimina vijiko vingapi.

Je, wajua kilo moja ya misuli iliyotulia huchoma kalori kama 13 tu kwa siku? Wanaokuahidi kwamba misuli itakukondesha ukiwa usingizini wametia chumvi. Kazi ya vyuma ni nyingine: ukipunguza chakula bila kunyanyua kitu kizito, mwili hula mafuta na misuli pamoja. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichapisha jaribio la vijana 40 wa kiume waliokula pungufu ya mahitaji yao kwa asilimia 40, huku wakifanya mazoezi makali kwa wiki 4. Waliopewa gramu 2.4 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta, na bado misuli ikaongezeka. Wenye gramu 1.2 walipoteza kilo 3.5, misuli ikabaki palepale. Njaa ile ile, vyuma vile vile!

Je, wajua yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na dagaa wakavu zaidi ya gramu 50 katika kila gramu 100? Unga wa protini wa bei mbaya si lazima.

Je, wajua wazee wa Boston wenye miaka 86 hadi 96 walinyanyua vyuma kwa wiki 8 tu, nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174? Ni utafiti wa mwaka 1990.

Je, wajua kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli hushika gramu kama 3 za maji? Ukipunguza chakula, wanga huo hupungua na maji yake hutoka; ndiyo maana mizani hushuka kwa kasi wiki ya kwanza, kisha hugoma. Chukua futi ya fundi cherehani: kiuno kikipungua na kilo zisipotikisika, huenda mafuta yanatoka na misuli inaingia.