Mtoto Mmoja Aliyegeuka Wawili: Viwakilishi vya Kiingereza Vinavyotutega

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipewa kazi ya kutafsiri mahojiano ya akina mama kuhusu watoto wao kuharisha. Mama mmoja alisema: "Alianza Jumatatu, Jumatano nikampeleka zahanati, akapewa dawa." Nikaandika he. Kurasa mbili mbele, mama yuleyule, mtoto yuleyule, nikaandika she. Mwenzangu aliyekuwa anaingiza data akahesabu watoto wawili. Tulipousikiliza tena mkanda, hapakuwa na neno hata moja lililotaja jinsia ya mtoto. Ikabidi tumpigie mama simu.

Kosa hili tunalifanya wengi, hata wenye Kiingereza kizuri, na si uzembe. Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa nomino. Kwetu, yeye, a- na -m- havijali kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza nacho hakijali unaposema I, you, we au they. Ila ukifika kwenye nafsi ya tatu umoja, basi, lazima uchague: he, she au it.

Usidhani lakini kwamba Kiingereza kinaona zaidi kuliko sisi. Jaribu sentensi hii: The cup hit the plate and it broke. Nini kilivunjika? Huwezi kujua. Sasa sema kwa Kiswahili: kikombe kiligonga sahani kikavunjika, au ikavunjika. Silabi moja tu ya ngeli imemaliza ubishi. Kila lugha imechagua kitu chake cha kufuatilia.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye vimilikishi. Tunasema mke wake, gari lake, viatu vyake: kiambishi kinafuata kitu kinachomilikiwa. Kiingereza kinamfuata mwenye kitu: his wife ni mke wa mwanamume, her car ni gari la mwanamke. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika her wife akimzungumzia Juma ana mantiki kabisa, ila ni mantiki ya Kiswahili. Halafu "yangu" yetu moja inagawanyika: my pen, lakini this pen is mine.

Virejeshi nafsi havisumbui sana. Alimkata ni he cut him, alijikata ni he cut himself. Hiyo -self ndiyo -ji- yetu.

Je, wewe na ninyi? Kiingereza nacho kilikuwa navyo: thou kwa mmoja, ye na you kwa wengi. Watu wakaanza kumwita mkubwa mmoja you kwa heshima, heshima ikasambaa, na thou ikafifia. Hata they si ya asili: ilitoka kwa Wanorsi waliohamia Uingereza. Na kuitumia they kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia si mtindo wa juzi, maana mifano yake ipo tangu karne ya 14.

Siku hizi nikitafsiri mahojiano, pasipotajwa jinsia naandika the child au they. Na pale "alimwambia kwamba amepona" inapoacha shaka nani kapona, narudi kwenye mkanda kwanza, halafu naandika jina.