Picha nyuma ya maandishi isimfukuze mnunuzi

MKULIMA wa maembe wa Makueni au msusi wa viondo wa Kitui anayejitengenezea tovuti hutamani kutandaza picha ya bidhaa yake nyuma ya maandishi. Tamaa hiyo si mbaya, lakini huzaa matatizo matatu.

La kwanza ni uzito. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kufikia megabaiti nne. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka wa 2009 ziliongeza kasi ya intaneti nchini, ila mnunuzi anayetumia simu bado hulipia data. Ipunguze picha hadi upana wa pikseli 1,200 kabla ya kuipakia. Mara nyingi itabaki na kilobaiti mia chache tu.

La pili ni usomekaji. Embe lililoiva lina manjano, kijani na wekundu. Herufi nyeusi huonekana penye manjano na kupotea penye kivuli. Mwongozo wa shirika la W3C wa mwaka wa 2008 unapendekeza tofauti ya mwangaza kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Yaweke maandishi juu ya kisanduku cha rangi moja.

La tatu ni mpangilio. Picha ndogo, isipozuiwa, hujirudia kama vigae vya sakafu, na ukurasa uliopimwa kwa kioo cha kompyuta hukatika kwenye simu. Tumia vipimo vya asilimia badala ya pikseli, kisha ujaribu ukurasa kwa simu ya bei nafuu.

Mnunuzi hutafuta bei na nambari ya simu. Picha inayomzuia kuziona haijauza chochote.