Ada ya Njia, Kutoka Ugogo Hadi Geti la Mazao

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ulilazimika kukata Ugogo, nchi kavu yenye watemi wengi, na kila mtemi alidai hongo yake ya kupita: nguo za merikani na kaniki, na shanga. Kiwango hakikuwa kimoja. Wajumbe walikwenda na kurudi, majadiliano yakala siku, na siku zote hizo wapagazi walikuwa wakila posho ya mwenye mali. Ukishamalizana na mtemi mmoja, mbele yuko mwingine asiyejali ulicholipa nyuma.

Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya Wagogo kana kwamba walikuwa wanyang'anyi tu. Hawakuwatendea haki. Visima vilikuwa vya wenyeji, na msafara wa mamia ya watu uliweza kuwamalizia maji. Kulipia maji ni halali. Ubaya wa utaratibu ule ulikuwa kwingine, na unafaa kuelezwa polepole kwa sababu bado tunaishi nao. Kila mtoza ada hupiga hesabu ya pato lake peke yake. Tuseme njia ina mageti matano, na kila geti likaona kwamba kuongeza ada kidogo hakutamzuia mfanyabiashara. Kila moja lina hoja. Lakini yakiongeza yote matano, safari haina faida tena. Mzigo unabaki shambani, na mageti yote yanakosa hata kile yalichokuwa yakipata mwanzo. Njia imekufa bila yeyote kukusudia kuiua.

Je, dawa ni mtawala mmoja mwenye nguvu? Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, ulimpata. Mirambo wa Urambo alitaka misafara ya Ujiji ipite kwa masharti yake, na mwaka 1871 akaifunga njia. Waarabu wa Tabora walimwendea kwa silaha, msafiri wa Kizungu Henry Stanley akiwa upande wao, wakashindwa, na vita vikaendelea kwa miaka. Baadaye Mirambo huyohuyo aliwakaribisha wageni na wafanyabiashara. Lakini amani hiyo ilimtegemea mtu, haikutegemea sheria: alipofariki mwaka 1884, dola yake haikuchukua muda kusambaratika.

Kuna jambo katika enzi ile ninalolipenda kwa dhati. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao, wakamfuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na wakidhulumiwa waliweza kutua mizigo au kutoroka. Hakuna serikali iliyowaagiza kwenda pwani. Hata hivyo, njia hiyohiyo iliwapitisha watumwa, wengine wakibebeshwa pembe za ndovu. Biashara inayomgeuza binadamu kuwa bidhaa haiwezi kuitwa uhuru wa uchumi, hata kama hakuna ofisa anayeizuia. Kwa hiyo ninapotetea serikali yenye mipaka sisemi serikali iondoke. Kazi yake ya kwanza ni kumlinda mtu, jasho lake na mali yake. Ikitaka kufanya zaidi ya hapo, itoe sababu, na sababu hiyo ipimwe.

Baada ya Uhuru, Tanzania tulielekea upande wa pili, ule wa serikali kushika biashara yenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali, na nafaka ikawa ya Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC). Kusafirisha mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kukawa na vizuizi vya barabarani. Mahindi hayakuacha kusafiri. Yalisafiri kwa magendo, na gharama ya magendo ikawaangukia mkulima na mlaji. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na masharti ya kusafirisha nafaka yakalegezwa hatua kwa hatua katika muongo huohuo.

Mageti ya leo ni ya halmashauri, zinazotoza ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Hiyo ni serikali kujiwekea mpaka kwa maandishi, na inastahili sifa. Iende mbele zaidi: kiwango kibandikwe kila geti, stakabadhi moja iheshimiwe hadi mwisho wa safari, na halmashauri iwaonyeshe walipaji fedha zao zilifanya nini.

Kwa tumbaku hayo hayatoshi. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), kisha huuza kwa kampuni chache. Ushuru ukipungua, na yeye hana mnunuzi mwingine wa kumkimbilia, nafuu hiyo inaweza kuishia kwa mnunuzi bila kumfikia. Anachohitaji ni wanunuzi wengi zaidi, na leseni ya kununua tumbaku inatoka kwa Bodi ya Tumbaku. Masharti ya leseni hiyo, gharama yake na muda wa kuipata ndiyo mambo ambayo wabunge wa Tabora wangepaswa kuyahoji kwanza.